Kikata Cheni cha Mzee Ndahani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chang'ombe alinitumia picha tatu kwenye simu. Zilikuwa picha za vikata cheni, kila kimoja kimelala kwenye boksi lake kama pete ya harusi. Chini yake akaandika: "Shikamoo mzee. Nichukue kipi?" Nikamjibu marahaba, jibu linakuja, kisha nikavuta kiti hapa nyumbani Ipagala nikaanza kuandika. Kesho yake akauliza tena kama nimeona ujumbe. Nimeuona, kijana wangu. Swali lako lina maneno mawili, lakini jibu lake lina watu ndani yake, na nimeona nikujibu wewe pamoja na mafundi wote wa pikipiki wa rika lako kwa mpigo mmoja.

Jina langu ni Swalehe. Mimi ni Mrangi, nilizaliwa milimani Kondoa, nikaja Dodoma mjini nikiwa na miaka ishirini na sita, nikashika spana mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Hapo katikati imepita miaka thelathini na minne. Nitajisifu kidogo humu, mnivumilie. Pikipiki nilizofunga cheni zimefika Mpwapwa, Bahi na Mtera, zimepita mchanga wa makorongo na tope la masika, na ni cheni moja tu iliyonirudia baada ya kufunguka njiani. Hiyo nayo nitaisema, maana fundi anayedai hajawahi kukosea msimwachie pikipiki yenu.

Niiseme hapahapa tumalizane nayo. Cheni nyingi za bodaboda huungwa kwa pingili moja ya kufungulia tunayoiita loki. Ina pini mbili, bamba moja la kufunika, na klipu ndogo ya kushikilia bamba lisitoke. Ile klipu ina upande uliofunga na upande ulio wazi. Upande uliofunga ndio unaotangulia mbele cheni inapozunguka, ili jiwe au kijiti kikiigonga kisiichomoe. Siku hiyo nilikuwa nimekaa upande wa kulia wa pikipiki badala ya kushoto nilikozoea, kichwa kikageuka, nikaifunga kinyume. Mwenye pikipiki alikuwa muuza maziwa. Alirudi kwa miguu akiisukuma, madumu matupu yakigongana nyuma, akaiweka cheni juu ya meza yangu na akaenda kukaa kivulini. Angenitukana ningepata nafuu. Tangu siku hiyo, kila nikifunga klipu nazungusha tairi kwa mkono na kuitazama ikipita mara mbili, hata kama mteja anapiga honi.

Sasa tuje kwenye kifaa. Tunakiita kikata cheni, lakini hakikati kitu. Kinasukuma pini itoke kwenye bamba ili pingili ziachane, na vile vizuri zaidi vinaweza pia kukandamiza bamba lirudi mahali pake na kupanua kichwa cha pini ili cheni iwe moja tena. Kazi tatu, kifaa kimoja. Wengi wenu mnanunua kwa kutazama kazi ya kwanza tu, kisha kwenye kuunga mnarudi kwenye nyundo na kusingizia kwamba cheni ni mbovu.

Mimi sikuanza na kifaa cha boksi. Nilianza na Mzee Ndahani.

Mzee Ndahani alikuwa Mgogo wa Ihumwa, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye jua la Oktoba. Ujanani alikuwa kibarua wa reli, na alipoacha kazi ile alibaki na mikono ya kibarua wa reli na kipande cha reli kuukuu chenye urefu wa mkono. Kile kipande alikitoboa matundu mawili, akakiweka juu ya gogo, na hapo ndipo palipokuwa gereji. Pikipiki za wakati ule zilikuwa chache, nyingi za maofisa na za watu wa dini, na zote zilipokatika cheni ziliishia pale kwenye gogo. Mbinu yake ilikuwa rahisi kuitazama. Analaza cheni juu ya tundu, anashika kichuma chembamba tunachokiita panchi juu ya pini, anagonga mara tatu. Ya kwanza ya kuamsha, ya pili ya kusukuma, ya tatu pini inadondoka kwenye kopo chini ya gogo. Mimi niligonga mara kumi na tano na kupinda bamba.

"Wewe Mrangi," aliniambia wiki ya kwanza, "unapigana na pini au unaiomba itoke?"

"Naiomba, mzee."

"Basi punguza kelele. Anayeomba hapigi kelele."

Asubuhi aliniamkia "Mbukwa!" kwa Kigogo chake, nami nikiitikia vilevile kwa lafudhi ya Kondoa, akacheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kunisikia. Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa na chuki. Nilimpenda mzee yule, na sijui neno jingine la kuweka hapo.

Mbinu ya nyundo ilikuwa na gharama yake. Pini ni chuma kigumu na panchi ni chuma kigumu, na vigumu viwili vikigongana huruka vipande. Nina kovu juu ya nyusi ya kushoto, nusu kidole kutoka kwenye jicho. Nililitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mteja huku damu inatiririka, nikasema moyoni kwamba nikipata kifaa cha skrubu naachana na nyundo.

Nikakipata. Kilikuwa kinang'aa, kidogo cha kutosha mfukoni, na nilikinunua kwa sababu kilinipendeza, kosa ambalo na nyie mnalifanya kwenye zile picha. Nilikifunga kwenye cheni ya kwanza mbele ya Mzee Ndahani huku nikijidai. Nikazungusha mpini wa kifaa, nikazungusha tena, kikalia "tak", na sindano yake, ile ncha ya kusukuma pini, ikakatika ikabaki ndani ya cheni. Mzee Ndahani hakucheka mara moja. Alisubiri mpaka nilipoinua macho, ndipo akacheka mpaka akashika gogo.

Alichonifundisha baada ya kicheko kile ndicho ninachowapa leo bure. Kichwa cha pini kimepanuliwa kiwandani ili kisitoke, kwa hiyo ukikisukuma hivyohivyo unalazimisha kitu kinene kipite kwenye tundu jembamba. Kwanza sugua kichwa kwa tupa au grenda mpaka kilingane na bamba. Baada ya hapo hata kifaa cha wastani kitaitoa. Na ukiwa dukani, usitazame mng'aro. Chomoa sindano uitazame. Kama haichomoki, kirudishe, maana sindano itakatika siku moja na wewe utabaki na pambo. Kama muuzaji ana sindano za akiba, hiyo ni dalili njema. Zungusha skrubu bila mzigo. Ikiyumba kushoto na kulia kabla haijagusa chochote, ikipata mzigo itapinda. Na nenda na kipande cha cheni chakavu mfukoni ukilaze kwenye kitako cha kifaa. Kikikaa kimelegea, sindano itaikuta pini upande na kupasua bamba. Muuzaji akikataa usijaribu, hajakunyima kitu, ameshakujibu.

Kuna kosa jingine ambalo nimewaona mkilifanya mpaka leo, na mimi nililifanya kwa pikipiki ya mwinjilisti mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda vijijini kila Jumamosi. Cheni yake ilikuwa imerefuka, ikawa inapiga chini. Nikaamua kuipunguza. Niliona kutoa pingili mbili kutaifanya fupi mno, nikatoa moja, nikajiona nina akili. Nilipotaka kuiunga ndipo nikakuta ncha moja ni pingili nyembamba ya ndani na ncha nyingine ni pana ya nje, na loki inataka ncha zote mbili ziwe za ndani. Cheni huhesabiwa kwa jozi, mabwana. Nilikaa na zile ncha mbili mkononi, mwinjilisti amesimama na Biblia yake kwapani. Ilipofika saa sita alianza kuimba taratibu, na hapo nilijua ameshaelewa.

Mzee Ndahani alikuja akatazama, akatoa ile pingili ya nje iliyobaki peke yake, akachagua pingili ya ndani kwenye kopo la mabaki, akaiunga katikati kwa loki mbili. Urefu ukarudi ulipokuwa, akaikaza kwa kuvuta nyuma tairi la nyuma. Kisha akamwambia mwinjilisti, "Huyu ni mzima, ila hesabu za jozi kwao Kondoa hazijafika." Mwinjilisti akacheka mpaka akasahau kwamba amechelewa.

Hayo yote nayasimulia ili mumwone mzee alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Miaka ilipita. Pikipiki zikaja kwa wingi, bodaboda zikajaa kila kona, gogo likawa meza ya chuma chini ya mabati pale Chang'ombe, na mimi nikawa fundi kamili. Siku niliyohitimu, Mzee Ndahani alinipa spana yake namba kumi na saba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya gereji yetu. Mwalimu humpa mwanafunzi kifaa, na kifaa kile ndicho cheti. Kinyume chake hakikuwepo. Mwanafunzi hampi mwalimu kifaa, kwa sababu kumpa mtu kifaa ni kumwambia kwamba bado ana la kujifunza kwako. Niliwahi kuona fundi mmoja kijana akimpa mzee nyundo mpya kwa nia njema kabisa. Mzee aliipokea, akaitazama, akampa mlinzi wa jengo la jirani apigilie misumari ya banda la kuku.

Basi asubuhi moja nilimsikia akigonga pini mara nne.

Nilinyanyua kichwa. Sikuwahi kusikia ya nne kutoka kwake. Wiki iliyofuata zikawa tano, kisha sita, na siku moja panchi iliteleza ikapasua bamba la cheni mpya ya mteja. Mzee alisema kahawa ya asubuhi ilikuwa kali. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, kidogo ukiwa umepumzika, sana ukishika kitu chembamba. Akaanza kuuficha. Akiongea na wateja aliutia kwenye mfuko wa ovaroli. Akinywa chai alitumia wa kushoto. Cheni zikija alisema, "Swalehe, fanya hiyo, mimi natazama hii kabureta," na kabureta ilikuwa haina tatizo lolote.

Wenye bodaboda wana macho. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, "Babu anaumwa? Maana mimi nataka cheni yangu uishike wewe." Aliuliza kwa upole, lakini nilitamani kumfukuza.

Mnaweza kusema, si apumzike tu? Alikuwa mtu mzima, ana shamba Ihumwa. Lakini mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, na gereji ile ndiyo ilikuwa salamu zake, chakula chake na kicheko chake. Siku moja tukiwa tunaosha mikono kwa petroli aliniambia bila kunitazama, "Siku nikishindwa cheni, narudi Ihumwa kukaa. Wala usinifuate kunibembeleza." Nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba akienda kukaa namna ile, hatakaa sana.

Nikaanza kutafuta kifaa. Nilizunguka maduka yote ya vipuri mjini, na nilitazama kila kikata cheni kwa jicho jipya. Mwanzo nilikuwa natazama chuma, sasa nikawa natazama mkono. Vile vidogo vya mfukoni vinataka vidole vitulie. Vile vyenye umbo la koleo vinataka nguvu ya kiganja kimoja. Yale maseti makubwa ya boksi yenye sindano za kila namna yalikuwa mazuri sana, lakini yote yalitaka mkono mmoja ushike kifaa hewani, wa pili uzungushe, na macho yalenge sindano katikati ya pini. Ni kazi nyepesi kwako wewe na mimi wa wakati ule. Kwa mkono unaotetemeka ni sawa na kutia uzi kwenye sindano ukiwa umepakiwa nyuma ya bodaboda.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Zawadi. Zawadi alikuwa na karakana ya kukereza vyuma njia ya kwenda Ihumwa, mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa kazi nusunusu. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi. Nilitaka kikata cheni kisichoshikwa, kifungwe mezani kwa bolti nne. Kiwe na mfereji wa kulaza cheni ijikalie yenyewe, tundu la kuiongoza sindano ili asilenge mtu, na skrubu yenye mpini mrefu kama usukani, unaozungushwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeona kwamba mzee akishika kitu kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto unautuliza wa kulia.

Zawadi alitazama mchoro, akanitazama mimi. "Hiki ni cha mtu mgonjwa," akasema.

"Ni cha fundi," nikamjibu.

"Haya. Utampaje?"

Hapo nilikuwa sijafika. Nilirudi nyumbani nikawaza siku mbili. Nikamkumbuka mzee alivyo. Kuna kitu kimoja ambacho hakuwahi kukikataa maishani mwake, nacho ni kutafuta kasoro katika kazi ya mtu mwingine.

Siku kifaa kilipokamilika nilikibeba kwenye gunia, nikakiweka mezani, nikasema, "Mzee, fundi Zawadi ametengeneza hiki, anataka kuwauzia mafundi. Mimi nimeona kipo sawa kabisa, lakini anaomba na wewe ukitazame kama kina kasoro."

"Umeona kipo sawa kabisa," alirudia, na macho yake yakaamka. "Kifunge hapo."

Nikakifunga kwa bolti nne. Hakukigusa mpaka nilipokwenda kununua oili. Niliporudi alikuwa na orodha. Mfereji ni mwembamba, cheni yenye tope la hapa kwetu haikai. Meno ya skrubu ni mapana, inakwenda kwa pupa. Mpini ni mfupi. Nikafungua bolti, nikakipeleka kwa Zawadi. Akarekebisha. Safari ya pili mzee alisema sindano ni laini, na alikuwa ameipinda makusudi ili kunithibitishia. Safari ya tatu alisema kwamba kinatoa pini vizuri lakini hakijui kuunga. Bamba likikandamizwa kwa skrubu, fundi hajui lini aache, atazidisha, na pingili itakaza isikunjike. Akataka kiwekewe kikombe cha kukandamizia chenye kizuizi, bamba lifike pale na lisipite.

"Huyu mzee wako anatafuta kifaa au anatafuta ugomvi?" Zawadi aliuliza.

Lakini alipoangalia lile wazo la kizuizi aliwasha mashine. Alikereza kikombe, akakitia, tukajaribu pale pale karakanani kwenye cheni kumi chakavu. Zote kumi zilikunjika laini kama mpya. Sijaona kwenye boksi lolote la dukani jambo zuri namna ile, na lilitoka kichwani mwa mtu aliyekuwa anajifanya analalamika.

Safari ya nne nilimuuliza, "Sasa mzee, nimwambie Zawadi kipo tayari?"

"Bado," alisema. "Kiache. Sijamaliza kukijaribu."

Akakijaribu mwezi mzima. Kisha wa pili. Cheni zikija, hakunipa tena, alisema, "Lete hapa, nijaribu kile kidude cha Zawadi." Analaza cheni kwenye mfereji, anashika mpini kwa mikono miwili, anazungusha, na pini inatoka taratibu bila kelele. Kuunga ndiyo ilikuwa raha zaidi kuitazama. Nyundo ilikaa pembeni ya meza ikishika vumbi. Nilikuwa nimefurahi hata nyumbani mke wangu aliniuliza nimepata nini. Hofu yangu moja ilikuwa kwamba mtu atakuja aseme neno, na mzee aone kuwa amedanganywa.

Mtu huyo alikuja mwezi wa nane wa majaribio yale. Alikuwa mteja wa siku nyingi, fundi muashi wa pale Chang'ombe, mtu mwema asiyejua kupunguza sauti. Ilikuwa saa nne asubuhi, gereji imejaa, bodaboda kama saba zimepangana. Akamtazama mzee akizungusha mpini, akasema kwa sauti ile ya kuita vibarua juu ya ghorofa, "Mzee Ndahani, siku hizi umeacha nyundo? Kulikoni? Ulikuwa unagonga tatu tu!"

Watu wakainamisha macho. Wote walijua, na wote walikuwa wamekubaliana bila kukaa kikao kwamba hawajui. Nikaruka mbele. "Anajaribu tu kifaa cha Zawadi," nikasema. "Kuna kasoro ndogondogo anazitafuta."

"Nyamaza, Swalehe," alisema mzee.

Akaacha mpini. Akaunyoosha ule mkono wa kulia aliokuwa akiuficha watu wasiuone karibu miaka miwili, akaulaza juu ya meza mbele ya watu wote. Ulitetemeka, na spana zilizokuwa pale karibu zikaanza kugongana polepole. Aliuacha hapo mpaka kila mtu alipouona.

"Nyundo haiutaki tena mkono huu," alisema. "Huyu kijana wangu aliona kabla yenu nyote. Akaenda akanitengenezea mkono mwingine, akaogopa kunipa, akanidanganya kwamba ni biashara ya Zawadi. Nilijua siku ile ile alipofungua gunia. Zawadi hajawahi kuomba ushauri wa mwanaume yeyote katika mji huu."

Watu wakacheka, wa kwanza yule muashi, kwa kuona aibu. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama chini.

"Mbona hukuniambia, mzee?" nikamuuliza.

"Ningekwambia nini? Kila nikitoa kasoro kifaa kinakuwa kizuri zaidi." Kisha akageuka akanikabili. "Miezi minane natumia kifaa ambacho si changu. Unanipa, au hunipi?"

Sikuelewa. "Ni chako, mzee. Kiko hapo mezani."

"Sijapewa," alisema. "Nimeazimwa nijaribu. Mimi nilikupa spana mkononi, sikukuachia juu ya meza ukaokote. Nipe."

"Kimefungwa kwa bolti nne."

"Basi zifungue."

Nikachukua spana namba kumi na saba, kwa sababu bolti zile zilikuwa za namba hiyo na spana yenyewe ilikuwa ileile aliyonipa, nikafungua bolti moja baada ya nyingine mbele ya bodaboda saba na muashi mmoja. Hakuna aliyeharakisha. Cheni ya mteja ilikuwa bado imening'inia kwenye mfereji nusu imefunguliwa. Nikaitoa, nikaiweka pembeni. Kile kifaa kilikuwa kizito. Nilikinyanyua kwa mikono miwili nikasimama mbele ya mwalimu wangu, na machozi yalikuwa yananitoka, sioni aibu kuyaandika.

Mzee Ndahani alivua kofia yake ya sufu. Alikipokea kwa mikono yote miwili, wa kushoto na ule wa kulia, na ule wa kulia ukitetemeka wazi wazi, akakishika kifuani kwa muda kidogo.

"Asante, fundi," alisema.

Kisha akanirudishia, akavaa kofia, akaniambia nikifunge upesi maana mteja anasubiri.